Musiki ya shetani na mali ya udongo



Iwe Lubumbashi ao huku kwetu Kilwa, kando ya ziwa Moero, mahubiri juu ya vijana hayakosi neno moja: musiki ya shetani. Zamani walisema hivyo juu ya ndombolo. Sasa simu zimefika, na vijana wanapashana nyimbo za wazungu wa mbali, wenye nywele ndefu na uso uliopakwa nyeupe sawa maiti. Wazazi wanaogopa. Bapasta wanaomba kadi za simu zichomwe. Mimi naomba tusikilize kwanza, halafu tuhukumu.

Wanaiita black metal, ni kusema metali nyeusi. Sisi watu wa mine tunaweza kucheka hilo jina. Tutwae mfano wa kundi moja la Norwe, Dimmu Borgir, lililoanza mwaka 1993. Mwaka 2007 walitoa albamu In Sorte Diaboli. Ni hadithi moja tangu mwanzo mpaka mwisho: msaidizi wa padri, katika Ulaya ya zamani, anaacha imani yake na kugeuka adui wa Kristo. Gitaa zinakimbia sawa mashine ya kutoboa jiwe, ngoma inapigwa kwa miguu yote mbili, mwimbaji anakwaruza koo. Juu ya ile yote kunaingia vinanda vinavyoiga okestra nzima. Hiyo njo sababu wanaiita ya simfonia. Mwaka 2010, kwa albamu Abrahadabra, walicheza pamoja na okestra ya radio ya taifa ya Norwe. Shetani wao alipewa violoni na radio ya serikali!

Tusifiche upande mubaya. Mwaka 1992 kanisa la mbao la Fantoft, kule Bergen, lilichomwa moto, na makanisa mengine yakafuata. Mwaka 1994 mwanamuziki mmoja wa black metal, si wa kundi hili, alikatiwa miaka 21 ya gereza kwa kuua muntu na kuchoma makanisa. Ni haki. Lakini tribunali ilihukumu mikono iliyoua na iliyowasha moto. Haikuhukumu gitaa.

Tena, hizi picha si ngeni kwetu. Bazee wanakumbuka mamba muntu, ile picha iliyokuwa mu nyumba nyingi za Lubumbashi miaka ya 1970: mwanamuke nusu samaki, nywele ndefu, nyoka pembeni. Anakupa mali, lakini anadai uhai wa muntu wa jamaa yako. Wafanyakazi walinunua ile picha wakaitundika mu salon, pa kupokelea wageni. Juu ya nini? Juu walielewa inachosema. Mu inchi ya shaba, mali ikitoka haraka mu udongo, kuna muntu anailipa na mwili wake. Ile picha ilikuwa inaongea juu ya mkataba: nani anasaini, nani anakula, nani anakufa.

Sasa tulinganishe. Norwe, kule wanaimba jina la shetani, waliweka sheria mwaka 1990 ili mali ya petroli isiliwe yote na watu wa leo. Pesa ya kwanza iliingia mu ile kasha mwaka 1996, na mpaka leo inangojea watoto wa watoto wao. Sisemi shetani njo aliwafundisha. Nasema sheria na hesabu ya wazi njo zilileta ile.

Na sisi? Sheria haikosi. Code ya mine ya 2018 inasema: katika redevance, asilimia 10 ni ya fonds ya vizazi vinavyokuja, asilimia 15 ni ya entité ya mahali mine iko. Kampuni inapashwa tena kutoa asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kusaini nao cahier des charges. Mu kijiji, nani amekwisha kuona hesabu ya ile pesa imebandikwa pa ukuta? Tunakesha usiku muzima tukifukuza mapepo, na asubui hakuna anayeuliza.

Na Kilwa inajua uovu bila kufundishwa na disque. Mwezi wa 10 mwaka 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia mu mji. Jeshi lilipofika kuwatosha, raia zaidi ya 70 walikufa, wengine walipigwa risasi bila kesi yoyote. Magari ya kampuni iliyochimba Dikulushi yalitumiwa na askari. Kampuni ilisema jeshi liliyatwaa kwa nguvu. Mwaka 2007 tribunali ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa juu ya makosa ya vita ya Kilwa. Mwaka 2017 tulisikia uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya haki za binadamu: serikali ilipe jamaa nane zilizoshitaki dola milioni 2 na nusu. Walioua hawakupaka uso rangi nyeupe. Hawakuimba kitu.

Kwa hiyo, vijana, sikilizeni musiki mnayotaka, lakini mkiona kule wanachoma kanisa ao kuua muntu, mujue hiyo si musiki tena. Wazazi, muliza mtoto ule wimbo unasema nini, mbele ya kuvunja simu yake.

Na nyinyi bapasta wetu, tunawaheshimu, watu wanawasikiliza kuliko sendika. Basi mutusaidie. Siku ya Mungu moja tu, mbele ya kutoa sadaka, musome kwa sauti cahier des charges ya kampuni iliyo karibu na kanisa lenu, na muulize ile asilimia 15 imeingia wapi. Kama kuna pepo mu hii inchi, atatetemeka siku ile.