M-Pesa haina baba mmoja

Wahubiri wa mafanikio na wakufunzi wa ujasiriamali wamepata hadithi waipendayo, na hapa Uvira inasikika kutoka Kalundu hadi Kavimvira: eti Michael Joseph, mkurugenzi mkuu wa Safaricom kuanzia 2000 hadi 2010, alipata maono, akaijenga M-Pesa, na Afrika ikajua kutuma pesa kwa simu. Kijana asiye na kazi anaambiwa naye atafute maono. Hadithi ni tamu, lakini inawadhulumu wote waliobeba mzigo.

Tazameni mambo yalivyokwenda. Wazo lilianzia Vodafone, kwa Nick Hughes na Susie Lonie. Serikali ya Uingereza ilitoa karibu pauni milioni 1 za walipa kodi, na Vodafone ikaongeza zake. Majaribio ya 2005 nchini Kenya yalihusu marejesho ya mikopo midogo. Wateja wenyewe ndio walioanza kutumiana pesa. Ndiyo maana huduma ilipozinduliwa Machi 2007, watu waliambiwa watume pesa nyumbani, si walipe mikopo. Benki Kuu ya Kenya haikuweka kizuizi, na wenye maduka wakaingiza mitaji yao ili mteja akija apate fedha taslimu. Kwa mkurugenzi kinabaki nini hapo zaidi ya saini?

Watetezi wake hujibu kwamba bila kiongozi jasiri yote yangebaki karatasini. Haya, twende Afrika Kusini. Vodacom iliingiza M-Pesa huko 2010, kwa jina lilelile, ikilenga wateja milioni 10 katika miaka 3. Joseph mwenyewe, baada ya kutoka Safaricom, alikuwa amekabidhiwa na Vodafone kazi ya kusimamia huduma za pesa kwa simu. Mwaka 2016 M-Pesa ikafungwa huko, na waliokuwa wakiitumia hawakufika hata laki moja. Je, maono yalinyimwa viza? Hapana. Wananchi wengi wa kule walikuwa tayari na akaunti za benki. Hawakuwa na shida ambayo M-Pesa ingewatatulia. Kongo, ilikoingia 2012, shida hiyo ilikuwepo tele: benki chache, barabara mbovu, na mtu wa Uvira anayetaka kumtumia ndugu yake wa Baraka hathubutu kusafiri na pesa mfukoni. Wengine husema tunaopinga tuna wivu. Wivu wa nani uliofunga M-Pesa Afrika Kusini?

Na tunapowaimbia wakurugenzi, tukumbuke kiwanda cha sukari cha Kiliba, katika Bonde la Ruzizi, kilichosimama vita vilipofika 1996. Bonde hilo halikukosa mwenye maono, lilikosa amani. Lakini hakuna mahubiri juu ya amani ya kufanyia kazi, kwa kuwa amani haina picha ya kubandika ukutani.

Anayeiendesha M-Pesa hapa ni yule wakala anayekaa chini ya parasoli kutwa nzima, na makuta yake mwenyewe kwenye mkoba, akiogopa wezi na noti bandia, kwa kamisheni ndogo. Mhubiri akitaka mfano wa ujasiri, amtaje huyo. Na kampuni, badala ya kumsifu kwa maneno, zimwongezee kamisheni.