Sabuni za nyumbani: Sheria yakodolea macho kibandiko, hatari imo chupani

UTENGENEZAJI wa sabuni za manukato nyumbani, ambao zamani ulikuwa uraibu wa watu wachache wenye nafasi na mizani ya kupimia, umeingia katika jikoni nyingi nchini Kenya. Katika vyama vya akina mama, makanisani na katika vyuo vya mafunzo anuwai, somo la sabuni limechukua mahali pa somo la kufuma vitambaa. Mwanafunzi huondoka na karatasi moja yenye orodha ya viungo, na jioni iyo hiyo huanza kukoroga.

Uraibu huu ulipata msukumo mkubwa baada ya kisa cha kwanza cha virusi vya corona kutangazwa nchini Machi 13, 2020. Kunawa mikono kuligeuka kuwa amri. Kila duka, kila matatu na kila lango la soko lilihitaji sabuni, na wengi waliopoteza ajira wakati huo waligundua kwamba bidhaa hiyo ingeweza kutengenezwa katika ndoo. Corona ilipopungua makali, ndoo zilibaki. Mikopo ya Hazina ya Hasla, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022 ikianzia Sh500, ilitosha kununulia viungo vya mtungi wa kwanza.

Hata hivyo, kinachoitwa sabuni ya nyumbani ni vitu viwili tofauti, na kuvichanganya ndiko kunakovuruga mjadala. Kuna sabuni ya maji, ambayo wengi huitengeneza kwa kemikali zinazouzwa zikiwa tayari, kama vile ungerol na ufacid, zikichanganywa na chumvi, rangi na manukato. Hii ndiyo sabuni ya riziki. Haina mafuta ya kupikia ndani yake na humalizika kutengenezwa kwa siku moja. Ya pili ni sabuni ya kipande, inayotokana na mafuta ya nazi, ya mawese, ya parachichi au ya zeituni yaliyochanganywa na magadi makali, maarufu kama kostiki soda. Hii ndiyo sabuni ya uraibu hasa. Huhitaji subira ya wiki nne hadi sita ili maji yakauke na kipande kiwe kigumu, na mtengenezaji wake hujivunia harufu na umbo kuliko faida.

Ni katika sabuni hii ya pili ambapo mtu hutambua upesi kuwa kupika chakula na kupika sabuni ni kazi mbili zisizofanana. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takribani gramu 183 za magadi makali ili igeuke yote kuwa sabuni. Kilo moja ya mafuta ya zeituni huhitaji takribani gramu 135 pekee. Anayechukua kipimo cha nazi na kukitumia kwa zeituni atabaki na karibu gramu 48 za magadi ambayo hayakupata mafuta ya kuungana nayo. Kipande hicho kitanukia mawaridi na kuchubua ngozi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana watengenezaji waangalifu hupunguza magadi kwa asilimia tano hivi, na hupima kila kitu kwa uzani. Lakini karatasi nyingi zinazogawiwa katika mafunzo ya siku moja hutaja vikombe na vijiko.

Kisha kuna suala la sufuria. Katika nyumba nyingi za Kenya, sufuria ni za alumini, na magadi makali huila alumini huku yakitoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto kwa urahisi. Chombo kinachofaa ni cha chuma kisichoshika kutu au plastiki ngumu inayostahimili joto, kwa kuwa magadi yanapotiwa majini mchanganyiko huchemka wenyewe bila ya kuwekwa mekoni. Na ni magadi yanayotiwa katika maji, wala si maji katika magadi. Anayegeuza utaratibu huo huweza kurukiwa usoni na kioevu kinachounguza.

Je, sheria inasema nini kuhusu haya yote? Chini ya Sheria ya Viwango, Sura ya 496, sabuni ni miongoni mwa bidhaa zilizowekewa viwango, na mtengenezaji hapaswi kuiuza kabla ya kupata kibali na alama ya ubora kutoka kwa Shirika la Kutathmini Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS). Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, maelezo ya kutosha na ulinzi wa afya yake. Hakuna anayeweza kupinga kwa haki kwamba mnunuzi anastahili ulinzi huo, awe amenunua katika duka kuu la jijini au katika meza ya jirani.

Ugumu unatokana na jinsi uraibu unavyokua. Mwalimu mstaafu anayetengeneza vipande 20 huanza kwa kuwapa binti zake, kisha rafiki wa binti hutaka kulipia, kisha kanisa huagiza vya kuuza katika hafla ya kuchanga fedha. Ni siku gani hasa amekuwa mwenye kiwanda? Kwa mujibu wa sheria, ni siku ile alipopokea shilingi ya kwanza. Ni kweli kwamba KEBS ina utaratibu nafuu kwa wafanyabiashara wadogo, na ada yao si ile ya viwanda vikubwa. Lakini kibali hutolewa kwa bidhaa mahususi, ilhali ladha yote ya uraibu huu ni kubadilisha manukato na mafuta kila mara. Matokeo yake ni kwamba wengi huuza kimyakimya, bila alama wala hata orodha ya viungo, wakihofia kuwa kuandika jina kwenye karatasi ni kujishtaki.

Kwa hiyo afisa anayekagua sabuni sokoni hutafuta alama kwenye kibandiko, na asipoiona hunasa bidhaa. Huo ni wajibu wake. Lakini ukaguzi huo huanza sabuni ikiwa imekamilika, na hatari kubwa zaidi hutokea kabla sabuni haijawa sabuni, aghalabu katika nyumba ambayo haina nia ya kuuza chochote.

Magadi makali ya rejareja hupimwa kutoka katika gunia au pipa na kutiwa katika mfuko au mkebe wowote uliopo. Yale yaliyokwisha kuyeyushwa huhifadhiwa katika chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa au ya soda. Hayana rangi wala harufu. Mtoto mwenye kiu akiinua chupa hiyo, mafunda mawili hutosha kuunguza umio. Jeraha linapopona huacha kovu linalobana njia ya chakula, na mtoto aliyenusurika huweza kupitia miaka ya kurudi hospitalini kupanuliwa umio ili ameze hata uji. Madaktari wa watoto katika nchi nyingi ambako sabuni hutengenezwa nyumbani wanaijua ajali hii vyema.

Marekani ilipitia njia hii karne moja iliyopita. Wakati huo, akina mama wa mashambani walikuwa wakichemsha mabaki ya mafuta ya wanyama na magadi makali yaliyouzwa madukani kwa mikebe, na watoto wao walikuwa wakiyalamba. Dkt Chevalier Jackson wa Philadelphia, bingwa wa magonjwa ya koo aliyesifika kwa ustadi wa kutoa vitu vilivyokwama kooni, aliwapokea watoto hao mmoja baada ya mwingine na akachoka kutibu kilichoweza kuzuiwa. Aliendesha kampeni ya miaka mingi, na mnamo 1927 Bunge la Congress likapitisha sheria kuhusu sumu zinazounguza, ambayo ilitiwa saini na Rais Calvin Coolidge. Sheria hiyo haikumkataza mtu kutengeneza sabuni. Ilimlazimisha anayeuza magadi kuandika neno sumu kwenye mkebe pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza. Mzigo uliwekwa dukani, mahali ambapo kemikali hukutana na mwananchi kwa mara ya kwanza.

Hapa ndipo sera ya Kenya ingefaa kutazama. Maduka yanayouza magadi makali ni machache mno yakilinganishwa na jikoni zinazoyatumia, na kuyafikia ni rahisi kuliko kumsaka kila mama mwenye ndoo. Chupa yenye kizibo kigumu, kibandiko cha Kiswahili na amri ya kutouza magadi katika chombo kilichokuwa cha kinywaji si mambo ya gharama kubwa.

Kuhusu sabuni yenyewe, Marekani imechora mstari mwingine ambao unastahili kuangaliwa. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya huko haiihesabu kuwa kipodozi sabuni iliyotokana na mafuta na magadi pekee na inayouzwa kwa ajili ya kusafisha tu. Muuzaji anapodai kwamba sabuni yake inalainisha ngozi, huwa ameingia katika vipodozi. Akidai inatibu ukurutu, amevuka hadi kwenye dawa. Umoja wa Ulaya ni mkali zaidi: sabuni ya kunawia mwili ni kipodozi hata ikitengenezwa jikoni, na lazima mtaalamu atathmini usalama wake kabla ya kuuzwa. Tangu miaka ya 2000 sheria za Ulaya zimetaka viambato 26 vya manukato vinavyojulikana kwa kusababisha mzio vitajwe kwenye kibandiko vinapozidi kiwango fulani, na mnamo 2023 orodha hiyo iliongezwa ikapita 80.

Mstari wa madai ungeifaa Kenya kuliko mstari wa ukubwa wa kiwanda. Sabuni ya mchaichai inayoahidi kuondoa uchafu haina madhara mengi ikiwa imepimwa vizuri. Sabuni inayoahidi kung'arisha ngozi ni jambo jingine kabisa. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutekelezwa Agosti 2017, ulitaja sabuni na krimu za kung'arisha ngozi waziwazi, kwa kuwa zebaki imekuwa ikitiwa humo kwa miaka mingi. Mkaguzi mwenye siku moja tu ya kuzunguka soko angefanya vyema kuanzia kwenye meza zenye ahadi za namna hiyo.

Kuna na uongo mdogo unaoenezwa na watengenezaji wenyewe, nao ni maneno "haina kemikali". Hakuna sabuni isiyo na kemikali. Sabuni ni mafuta yaliyobadilishwa na magadi, hata kama mafuta hayo yametoka katika mnazi wa babu. Vivyo hivyo, kipande kinachouzwa kwa jina la asumini karibu kila mara kina manukato ya maabara, kwa sababu harufu ya ua hilo haikamuliki kwa mvuke wa jikoni, na mafuta yake halisi ni ghali kupindukia. Hilo si kosa, mradi liandikwe. Karafuu ni halisi na hupatikana, lakini huharakisha mchanganyiko kuganda hata ukakataa kumiminika katika kalibu, na ikizidi huwasha ngozi. Mdalasini huwasha zaidi. Harufu ya limau na chungwa hupotea kabla ya wiki sita kwisha. Mchaichai hudumu. Gramu 30 za manukato kwa kilo moja ya mafuta ndicho kiwango cha juu ambacho wazoefu wengi hukubali, na wanaotia chupa nzima ili sabuni inukie hadi mlangoni huwa wanamlipisha mwenye ngozi laini.

Pwani, ambako wanawake wamejua kuchagua manukato tangu zamani, imetoa mfano ambao huenda ukasaidia. Huko Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, wakulima wa mwani, wengi wao wakiwa wanawake, hutengeneza sabuni kutokana na zao hilo badala ya kuuza mwani mkavu pekee. Ng'ambo ya mpaka, Paje kisiwani Unguja, sabuni za mwani zilizotiwa karafuu, mdalasini na mchaichai zimekuwa zikinunuliwa na watalii kwa bei ambayo mwani mkavu hauwezi kuota. Ubora wa mpango huo ni kwamba kazi hufanywa kwa pamoja, nje ya jikoni la kulelea watoto. Kikundi kinaweza kununua mizani moja, kufunga magadi kabatini na kuomba kibali kimoja.

Serikali za kaunti zingeweza kufanya vivyo hivyo katika vyuo vyao vya ufundi, kwa kutenga chumba kimoja chenye maji, hewa na mwalimu anayejua hesabu za magadi. Wenye aloe porini huko Baringo na Laikipia wangeelezwa hapo pia kwamba, isipokuwa ile aina inayokuzwa mashambani iitwayo Aloe vera, biashara ya kimataifa ya aloe hudhibitiwa na mkataba wa CITES, jambo ambalo karatasi za mafunzo hazilitaji.

Wakati huohuo, sababu ya watu kurudi kwenye ndoo haijaondoka. Kenya huagiza mafuta ya mawese kutoka Asia, na Indonesia ilipozuia kuyauza nje kwa wiki kadhaa kuanzia Aprili 28, 2022, bei za mafuta ya kupikia na sabuni zilihisi mshtuko huo. Miaka miwili baadaye Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mimea, na watengenezaji wakaonya kwamba mche wa sabuni ungepanda bei. Mswada huo uliporomoka Juni 26, 2024, siku moja baada ya vijana kuvamia Bunge, Rais William Ruto alipotangaza kuwa hatautia saini. Kila bei ya mche inapotikisika, idadi ya wanaouliza bei ya kostiki soda huongezeka, na muuza duka huinama chini ya meza kutafuta chupa tupu ya kuwapimia.