Mpagazi akiumia Mlima Kilimanjaro, nani anamlipa?

Mgeni anayekuja kupanda Mlima Kilimanjaro huulizwa mapema kama ana bima. Mpagazi atakayembebea hema na chakula huulizwa kama yuko tayari kuondoka asubuhi. Wote wawili wanakwenda kwenye baridi ileile na mawe yaleyale. Kwa familia nyingi za Marangu, Machame na Rombo, tofauti hii ndiyo huamua kama ajali moja itauza ng'ombe wa nyumbani. Hapa tunaeleza sheria inasema nini na kikwazo kiko wapi.

Bima ya mgeni ni ya mgeni

Bima ya safari ni mkataba kati ya mgeni na kampuni ya bima, na humlipia aliyetajwa humo tu. Hata yeye ana masharti. Bima nyingi za kawaida huishia kwenye kimo fulani, na kilele cha Uhuru kiko mita 5,895. Watu wa bima huuweka upandaji wa milima mirefu kundi moja na mbio za mitumbwi kwenye maji ya kasi, kama yale ya Mto Nile kule Jinja, Uganda. Hiyo ni michezo ya hatari, hivyo mara nyingi mtu huongeza pesa ndipo akingwe.

Mgeni akishaongeza, anaweza kulipiwa uokoaji, hata wa helikopta. Mpagazi aliyeteleza hatua mbili nyuma yake hayumo.

Kadi ya bima ya afya nayo ina mpaka wake. Inalipia matibabu, lakini hailipi ujira unaopotea mtu akiwa kitandani, wala haimtunzi mjane.

Kinga ya mpagazi ni fidia

Kwa Tanzania Bara, kazi hiyo ni ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mwajiri ndiye anayechangia, na haruhusiwi kumkata mfanyakazi. Kiwango ni asilimia 0.5 ya mshahara. Kwa ujira wa shilingi 100,000, mchango ni shilingi 500.

Kwa mchango huo mfuko hulipia matibabu ya aliyeumia kazini. Asipoweza kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya kipato chake, kwa muda usiozidi miezi 24. Yako pia malipo ya ulemavu wa kudumu, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi wa aliyefariki.

Kikwazo: "Huyu si wangu"

Wapagazi wengi huitwa safari kwa safari. Wiki hii kampuni moja, wiki ijayo nyingine, mara nyingi bila mkataba wa maandishi. Ajali ikitokea, ni rahisi kampuni kusema alikuwa kibarua tu.

Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haiangalii karatasi peke yake. Inauliza: nani anamwelekeza kazi? Nani anampangia saa? Nani anampa vifaa? Jibu likiwa ni kampuni, mtu huyo huchukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Mpagazi hupangiwa mzigo, kambi na saa ya kuondoka.

Ushahidi nao upo. Kampuni hulipia kiingilio cha hifadhi kwa wapagazi wake. Kwa hiyo safari haifanyiki gizani.

La kufanya

Kabla ya kupanda, omba mkataba hata wa ukurasa mmoja, na uulize kama kampuni imesajiliwa WCF. Piga picha orodha yenye jina lako. Mwachie mtu wa nyumbani jina la kampuni, la kiongozi wa msafara na njia mtakayopita.

Ukiumia, mwambie kiongozi siku hiyohiyo mbele ya wenzako, na hospitalini sema wazi kuwa umeumia kazini. Tunza kila karatasi. Mwajiri anatakiwa kuutaarifu mfuko ndani ya siku 7 tangu apate habari. Akikaa kimya, wewe au familia yako nendeni WCF wenyewe. Msingoje: taarifa isipotolewa ndani ya miezi 12, haki hiyo inaweza kupotea.

Kinachowanyima wapagazi fidia si ughali wake. Shilingi 500 haimfilisi mwenye kampuni. Kinachowanyima ni kupanda mlima bila jina lao kuandikwa mahali popote wanapoweza kulionyesha.