Ineos isimlilie Thomas, isake straika

Kwa lugha ya soka, Geraint Thomas ametundika daluga. Septemba 2025 mkali huyo wa baiskeli alimaliza mbio zake za mwisho kwao Cardiff, na mashabiki wa Ineos Grenadiers wanauliza: sasa nani?

Swali limechelewa. Timu hii, iliyoanza kwa jina la Sky, ilibeba Tour de France mara saba kati ya 2012 na 2019, nne zikiwa za Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi. Kuanzia 2020 hadi 2025 imetoka kapa. Pogačar na Vingegaard wamegawana zote.

Ineos haikosi fedha wala wasaidizi wa kumkinga kinara na upepo. Inamkosa kinara mwenyewe. Ikiendelea kurundika viungo bila straika, itabaki kupigia wenzake makofi.