Kisumu Haikuzaliwa 1901

Kuna mwaka mmoja ambao kila mtu Kisumu anaujua: 1901, reli ilipofika ziwani na Waingereza wakaibandika bandari jina la Port Florence. Mwaka 2001 mji ukasherehekea kutimiza miaka 100. Hebu tulia ufikirie hilo. Watu waliokuwa wakikutana hapa kubadilishana nafaka, samaki na mifugo, hadi mahali penyewe pakaitwa kwa kile kitendo cha kwenda kusuma, kutafuta chakula, hao hawamo kwenye hesabu. Umri wa mji unaanza siku treni ilipopiga honi.

Mtasema ni sherehe tu, msee, wacha kutuharibia keki. Lakini ukikubali kwamba mji wako ulianza na mgeni, utakubali mengine mengi bila kuuliza. Utakubali kwamba kwingine kulikuwa na ustaarabu na huku kulikuwa na mila. Kwingine dini, huku ushirikina. Kwingine historia, huku hadithi za dani jioni.

Nachukua China kama mfano, kwa sababu China tunayo kila mahali. Simu yako, barabara unayopita na nduthi, hata ngege aliyegandishwa anayeuzwa katika mji ulio kando ya ziwa lenye ngege. Muulize kijana yeyote wa Kondele au Nyalenda kuhusu China ya kale, hatakosa la kusema. Ukuta Mkuu, Confucius, joka, wafalme wenye mikono mirefu ya hariri. Kisha muulize Urewe ni nini.

Urewe ni mahali Siaya, mwendo mfupi kutoka hapa. Mwaka 1948 Mary Leakey, Louis Leakey na kasisi Walter Owen walichapisha utafiti kuhusu vyungu vya kale kutoka eneo hilo, vyungu vyenye kibonyeo kwenye kitako. Vyungu vya aina hiyo vikaja kupatikana Uganda, Rwanda, Burundi, kaskazini magharibi mwa Tanzania na mashariki mwa Kongo, mara nyingi pamoja na dalili za watu waliojua kuyeyusha chuma. Leo mwanaakiolojia yeyote duniani anayesoma habari za chuma katika Afrika Mashariki lazima atamke jina hilo: Urewe. Kijiji chetu kimekuwa jina la zama nzima kwenye vitabu vya watu, na sisi tunalipita tukienda mazishi Yala bila hata kugeuza shingo.

Sasa nataka tuone jinsi China ilivyopata historia yake, kwa sababu wengi wanadhani ilishuka kutoka mbinguni ikiwa tayari imepigwa chapa.

Wachina husimulia kwamba zamani sana Mto Manjano ulikuwa ukifurika na kuzamisha kila kitu, mpaka akatokea mtu aitwaye Yu, akachimba mifereji, akayatuliza maji, na ukoo wake ukaanzisha nasaba ya kwanza, Xia. Baada ya Xia ikaja Shang, halafu Zhou. Mwandishi Sima Qian aliandika orodha ya wafalme wa Shang karibu miaka 900 baada ya Shang kuanguka. Mwanzoni mwa karne ya 20 wasomi wengi, wakiwemo Wachina wenyewe, walianza kusema mambo ya kale namna hiyo ni hekaya tu. Wafalme wa ngano. Si ndivyo tunavyoambiwa kuhusu Ramogi?

Kisha mifupa ikazungumza. Wakulima wa Anyang walikuwa wakifukua mifupa shambani, ikiuzwa kama dawa kwa jina la mifupa ya joka. Mwaka 1899 msomi Wang Yirong akatambua kwamba mikwaruzo iliyokuwa juu yake ni maandishi. Mwaka 1917 Wang Guowei akaonyesha kwamba majina ya wafalme kwenye mifupa yanalingana kwa sehemu kubwa na orodha ya Sima Qian. Mwaka 1928 taasisi ya utafiti ya taifa ikaanza kuchimba Anyang, na ikachimba msimu baada ya msimu hadi vita na Japani vilipoisimamisha 1937. Hapo ndipo Shang ilipotoka kwenye ngano ikaingia kwenye historia.

Zingatia tarehe. China ya 1928 haikuwa tajiri. Ilikuwa nchi iliyogawanywa na majenerali, yenye njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hivyo mtu wa kaunti asiniambie ati hatuna pesa ya kuchimba. Tuna pesa ya kuchapisha kalenda zenye sura ya mheshimiwa.

Na hiyo mifupa ilisema nini? Hapa ndipo ninapocheka. Mfalme wa Shang alikuwa akiumwa na jino, anamwita mwaguzi. Mwaguzi anatoboa bega la ng'ombe au gamba la kobe, analichoma, linapasuka, kisha anasoma nyufa: ni babu yupi amekasirika? Tumtolee sadaka gani? Mvua itanyesha? Vita vitaenda sawa? Mababu walikuwa wakali na walitaka kukumbukwa kwa majina.

Mjaluo yeyote aliyelelewa na dani anaifahamu dini hiyo. Mtoto analia usiku kucha, hanyonyi, hadi mtu anaota ndoto ama anataja jina la marehemu fulani, na mtoto ananyamaza. Ndiye huyo, amerudi kudai jina. Mtu akikonda bila sababu, swali ni mwiko gani umevunjwa, kama ni chira. Wapo wanaopanda Kit Mikayi hadi leo kuomba kwenye yale majabali. Mfalme wa Shang na jino lake angeketi kwa ajuoga wa Seme na wangeelewana bila mkalimani.

Lakini angalia majina. Ya kwao vitabu vinaita ibada ya mababu, sehemu ya ustaarabu wa kale. Yetu tumefundishwa kuiita ushetani, na mahubiri ya Jumapili yanamalizia kazi. Sikuambii uende ukatambike. Nakuambia kitu kimoja hakiwezi kuwa falsafa Anyang na uchawi Bondo.

Na kama unadhani washindi wote hufuta, sivyo. Zhou walipowapindua Shang mnamo 1046 K.K. walijitafutia sababu: Mbingu imeondoa kibali chake kwa mfalme mwovu na kutupa sisi. Ni propaganda, lakini wazao wa Shang waliachiwa jimbo la Song waendelee kuwatambikia mababu zao. Hakuna aliyesema China ilianza siku Zhou walipofika. Sisi mshindi wetu aliondoka 1963 na bado tunamkatia keki ya kuzaliwa.

Najua pingamizi. La kwanza: hatukuwa na maandishi. Kweli, na maandishi ni shahidi mzuri. Lakini chungu ni shahidi, na ukuta ni shahidi. Nenda Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, kama kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Utakuta kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kushikilia, nyingine zikipita mita 4 kwenda juu, zimesimama tangu karne ya 16 hivi. Milango ni mifupi, lazima uiname kuingia, yaani adui aliingia akitanguliza kichwa. Ndani kulikuwa na nyumba, mazizi, mahali pa kufua chuma. UNESCO iliiweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Na haiko peke yake: watafiti wamehesabu maeneo 138 katika ukanda huu wa ziwa yenye mabaki ya majengo 521 ya namna hiyo. Isaya Onjala na wenzake wametumia miaka kuyasoma mawe haya. Kazi ipo. Sisi ndio hatuisomi.

Pingamizi la pili: hatukuwa na wafalme. Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu ndivyo silabasi inavyofikiri. Wanga wanapata ukurasa mzima kwa sababu walikuwa na Nabongo, na Nabongo anafanana na kile mzungu alikuwa akitafuta. Watu waliojenga kuta 521 bila kutuachia jina la mfalme hata mmoja wanapewa mstari. Lakini soma ramani kwanza. Uwanda wa Mto Manjano ni mpana, udongo wake laini, mto wake unaua maelfu ukikasirika. Huko anayeweza kukusanya jeshi la vibarua ndiye anayekuwa bwana. Huku kwetu mito ni mingi, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu, Kuja, kila mmoja unashuka ziwani kivyake. Kila kilima kina mashamba yake, maji yake na mawe yake. Ukoo mmoja na majirani wangeweza kujijengea boma bila kuomba ruhusa ya mtu aliye mbali. Kama watu wanaweza kupanga mawe ya tani kwa tani, kuyatunza vizazi kadhaa, na hakuna mwenye taji anayewachapa kiboko, mimi sioni upungufu hapo.

Sasa nigeukie upande wetu, maana si silabasi peke yake. Kuna kundi kwenye TikTok ambalo limechoka kudharauliwa, na dawa yake ni kutangaza kwamba sisi ndio tuliojenga piramidi. Ati Wajaluo ni mafarao waliopotea njia. Omera, tulieni. Bethwell Ogot alikusanya simulizi za wazee koo kwa koo, akachapisha historia ya Wajaluo wa kusini mwaka 1967, akifuatilia safari kutoka Sudan Kusini kupitia Uganda hadi Got Ramogi. Alifanya kwa midomo ya wazee kile Wang Guowei alifanya kwa mifupa: alilinganisha orodha na orodha. Tuna kazi ya namna hiyo, halafu tunaenda kukopa mafarao? Anayeona lazima atoke Misri ndipo awe mtu ameshakubali kwamba huku hakukuwa na kitu.

China nayo ina ugonjwa huo. Mwaka 1996 serikali yao ilianzisha mradi mkubwa wa kuzipa tarehe Xia, Shang na Zhou, na wasomi wengi wakalalamika kwamba siasa ilitaka jibu kabla ya ushahidi. Xia bado inabishaniwa. Hilo tusiige. Tukichimba, tuwe tayari kusikia tusichotaka.

Na kipo tusichotaka kusikia. Watafiti wanasema maboma kama Thimlich yalipokezanwa na jamii tofauti, za Kibantu na za Kinailoti. Huenda walioweka jiwe la kwanza hawakujua neno la Dholuo, hata kama jina lenyewe la mahali ni la Dholuo. Waliokuja waliziba mapengo ya ukuta wakaendelea kukaa. Na kabla ya hao wote kulikuwa na wavuvi waliofinyanga vyungu na kurundika makombe kando ya ziwa maelfu ya miaka iliyopita, ambao hatujui walijiita nani.

Kwa nini hili ni muhimu kwa mtu anayetafuta kodi ya nyumba? Kwa sababu katika mji huu, baada ya uchaguzi wa 2007, watu walifukuzwa na maduka yakachomwa kwa sababu ya majina ya mwisho kwenye vitambulisho. Nilikuwa mtoto, lakini neno nililolisikia sana ni kwao: warudi kwao. Mtoto aliyefundishwa kwamba ardhi hii imekuwa na wenyeji juu ya wenyeji, lugha juu ya lugha, ukuta mmoja mikono mingi, ni vigumu kidogo kumpa kiberiti. Mtoto aliyefundishwa kwamba hakuna kilichokuwepo hadi 1901 atajazwa chochote na mwanasiasa wa kwanza atakayepita na kipaza sauti.

Mwaka 2010 wanaakiolojia kutoka China walianza kuchimba Mambrui, pwani yetu, pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, wakitafuta nyayo za meli za Zheng He za karne ya 15. Walisafiri nusu ya dunia kutafuta kipande cha historia yao kwenye mchanga wetu. Siwalaumu hata kidogo. Nataka kaunti za ziwa zitenge pesa za kuchimba na kuhifadhi maboma ambayo ng'ombe wanayabomoa. Nataka basi la shule linaloenda Nairobi kuona uwanja wa ndege lielekezwe Thimlich mara moja. Nataka kitabu cha historia kiweke Urewe kwenye sura moja na Misri na Mesopotamia. Na wewe mwenye simu, kabla ya kurekodi dansi nyingine pale Dunga, rekodi dani wako akitaja majina ya ukoo hadi pale anapokwama. Andika tarehe, andika mahali. Mfanye hivyo wikendi hii, maana wazee wetu hawazikwi na mifupa iliyoandikwa.