Ushindi wa Ujerumani na swali linalobaki kwa majirani

Mwaka 2013, wanafunzi wa vyuo vikuu vya Afrika Kusini walishiriki kwa mara ya kwanza mashindano ya kompyuta zenye uwezo mkubwa mjini Leipzig, Ujerumani, wakarejea na ubingwa. Waliutwaa tena mwaka 2014, 2016 na 2019.

Sharti la mashindano hayo ni gumu. Katika miaka hiyo, kila timu iliunda mashine yake na kuendesha kazi za kisayansi bila kuvuka wati 3,000, kiasi ambacho birika mbili za umeme zaweza kukimaliza. Kurundika vifaa, basi, hakumsaidii mtu. Hushinda ajuaye kipi akizime na kazi ipi aitangulize. Kwa bara lenye umeme wa mashaka, huo si ujuzi mdogo.

Timu hizo huandaliwa na kituo cha taifa cha kompyuta kuu, CHPC, kilichoko Cape Town, kwa mafunzo na mchujo wa ndani. Majirani wamepata zaidi mashine kuliko mafunzo ya namna hiyo. Kompyuta kuu Ranger ya Texas ilipostaafishwa mwaka 2013, sehemu zake zilipelekwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania. Lakini kabati la kompyuta lisilo na fundi ni samani tu.

Sasa darubini ya redio ya SKA inajengwa huko Karoo, Namibia, Zambia, Msumbiji na Kenya zikiwa miongoni mwa washirika. Vijana wa kuchambua data zake ndio hao hao wanaowindwa na kampuni za ng'ambo, kwa mishahara ambayo vyuo vya umma haviimudu.