Nyigu, Mlinzi wa Mahindi ya Ufipa

Nyumba nyingi za Ufipa, tangu Sumbawanga hata vijiji vya Nkasi, hula ugali wa mahindi yaliyolimwa na wenyewe, na ada ya shule hutoka katika magunia yanayouzwa. Kwa hiyo adui wa mahindi ni adui wa nyumba nzima. Mwezi huu twapenda kuwaelezeni habari za adui mmoja mgeni, na za msaidizi mdogo ambaye wengi wetu humwua pasipo kumjua.

Adui huyo ni kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni bara la Amerika. Alionekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikwisha kuingia Tanzania. Rukwa ni miongoni mwa mikoa iliyompata mwanzo. Nondo wake huruka usiku na kutaga mayai mengi pamoja juu ya jani. Viwavi huingia katika moyo wa mhindi, na humo dawa ya kunyunyiza haiwafikii kwa urahisi.

Msaidizi ni nyigu. Hatusemi wale wakali wanaojenga chini ya paa, bali wadogo sana, wengine wakiwa wadogo kuliko punje ya ulezi. Jike humtafuta kiwavi mchanga, akamchoma na kutaga yai mwilini mwake. Buu lianguliwapo humla kiwavi kutoka ndani, naye hudhoofika na kufa. Nyigu wengine huyaharibu mayai ya nondo kabla hayajaanguliwa. Wataalamu waliokagua mashamba ya Ethiopia, Kenya na Tanzania mwaka 2017 waliwakuta nyigu wa kienyeji wamekwisha kuianza kazi hiyo wenyewe.

Je, mdudu mdogo hivyo aweza kuokoa chakula cha watu? Tuutazame muhogo. Katika miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga, kutoka Amerika ya Kusini, aliushambulia muhogo wa Afrika. Nyigu wake aliletwa kutoka Paraguay, akaachiliwa Nigeria mwaka 1981, kisha katika nchi nyingine nyingi, Tanzania ikiwamo. Muhogo ukapona kwa sehemu kubwa, na Hans Herren, aliyeiongoza kazi hiyo, alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Basi yatupasa nini? Anyunyizaye dawa shamba zima kwa hofu tu huwaua walinzi, na viwavi waliojificha hubaki. Kwanza, shamba likaguliwe kila juma mahindi yakiwa machanga, na mayai yapondwe kwa vidole. Kazi hii hata watoto waiweza. Pili, maharage yapandwe kati ya mahindi, na maua yaachwe mipakani, kwa kuwa nyigu hunywa utamu wake. Tatu, dawa iwe ya mwisho, kwa shauri la bwana shamba, na itiwe palipo na viwavi tu.

Hatusemi kwamba nyigu peke yao watatosha kila mwaka. Twasema kwamba mwenye kumfukuza mlinzi wake hulazimika kukesha mwenyewe, na kununua dawa kila msimu. Enyi vijana, jifunzeni kumtambua rafiki huyu, na inshallah ghala za wazazi wenu zitapata nafuu.